Hori ya chini kwa farasi anayelala ndani: pipa, tairi, saruji au mbao za kona?

Farasi wengi wa Nairobi na viunga vyake hulala ndani kwa sababu ya visubi. Visubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huuma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko. Kwa hiyo saisi, yaani mtunza farasi, anayeijua kazi yake humwingiza farasi saa 11 jioni na kumtoa saa 2 asubuhi, umande ukianza kukauka. Hizo ni saa 15 ndani ya chumba cha futi 12 kwa 12. Angekuwa nje, sehemu kubwa ya muda huo angeipitisha ameinamisha kichwa, akikata nyasi kidogo kidogo huku akitembea. Ndani hana chaguo: atakula pale tulipomwekea, kwa mkao tuliomlazimisha.

Mabanda mengi bado yana kichanja cha chuma kilichopigwa juu ukutani au wavu uliotundikwa usawa wa macho. Sababu inaeleweka, maana nyasi zikiwa juu hazikanyagwi. Lakini anayelipa gharama ni farasi. Vumbi na vipande vya mabua humwangukia machoni na puani. Akiwa ameinua kichwa, uchafu wa njia ya hewa hauteremki kutoka. Ndiyo maana farasi aliyesafirishwa muda mrefu amefungwa kichwa juu hupata homa ya mapafu kwa urahisi. Hata meno yanaathirika: anapoinama, taya la chini husogea mbele kidogo na meno kusagana inavyotakiwa. Akila ameinua kichwa miaka nenda miaka rudi, usagaji huo hubadilika.

Swali la juu au chini, basi, mimi silijadili tena. Linalobaki ni chini kwa namna gani, na hapo wengi huanza kwa kuangalia hori dukani au kumwita fundi. Ningependa uanze na vitu viwili vilivyomo bandani tayari: sakafu yako na kwato za farasi wako. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu.

Sakafu kwanza

Ukiwa na sakafu ya saruji au ya mikeka ya mpira, unaweza kumwaga nyasi kwenye kona na ukaishi. Ukiwa na sakafu ya mchanga au murram, usifanye hivyo hata siku moja. Farasi hula kwa mdomo wa juu, unaookota hadi kipande cha mwisho, na kila kipande kinapanda na chembe za mchanga. Mchanga hautoki wote. Unalala kwenye utumbo mpana, unaukwaruza, na ukizidi unaleta msokoto wa tumbo. Hili linawahusu hasa wanaofuga Diani, Unguja na kwingineko pwani, na wenye punda Lamu vilevile.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mnyama wako anameza mchanga. Okota vipande kama sita vya kinyesi kibichi ambavyo havijagusa udongo, vitie ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, jaza maji, vunjavunja, kisha tundika mfuko na uuache utulie kwa robo saa. Piga kidole kwenye pembe ya chini. Mchanga ukiwepo utauona umejikusanya pale na utausikia ukikwaruza. Ukiona hivyo, hori si anasa tena. Ila ujue pia kwamba mchanga usipoonekana si uthibitisho kwamba haumo.

Hata kwenye saruji, kumwaga chini kuna kasoro zake. Mwangalie farasi kwa dakika kumi za mwanzo baada ya kuwekewa nyasi kavu za boma Rhodes chini. Haanzi ukingoni. Anazamisha pua katikati ya lundo, analisukuma kushoto na kulia akitafuta majani laini na vichwa vya mbegu vilivyodondoka chini kabisa, halafu anapiga kwato mbele kulitawanya. Kufika usiku wa manane lundo limekuwa tandiko jembamba lililochanganyika na maranda, mkojo na kinyesi. Kilichobaki anakikataa, au anakila pamoja na mayai ya minyoo. Robota la kilo 15 linakuwa kama la kilo 10, na bei ya nyasi wakati wa kiangazi sote tunaijua.

Faida kubwa ya sakafu tupu ni moja, nayo si ndogo: hakuna chombo cha kumuumiza. Kila hori utakayoiweka bandani ni kitu kigumu kimoja zaidi ndani ya chumba cha mnyama wa kilo 450 anayelala, anayejiviringisha na anayeshtuka gizani. Hori yoyote lazima istahili nafasi yake.

Kanuni ya goti

Kabla ya kulinganisha vyombo, shika kanuni hii, kwa maana ndiyo itakayokuokolea mguu wa farasi. Ukingo wa hori ama uwe chini sana, kama sentimita 25 au 30, mnyama akiingiza mguu autoe bila kufikiri. Ama uwe juu, karibu na kifua, asiweze kuuvusha kabisa. Katikati ya hapo, usawa wa goti, ndipo penye hatari. Farasi akipiga kwato kwa hamu ya chakula, mguu unapanda usawa huo huo, unavuka ukingo, na anapotaka kurudi nyuma unakwama.

Pipa au tairi

Hivi ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, na ndivyo vinavyotengenezwa vibaya mara nyingi.

Pipa la plastiki la lita 200 lina kimo cha takriban sentimita 90 na upana wa sentimita 58. Mtu akilikata katikati anapata mabeseni mawili ya sentimita 45, yaani usawa wa goti kamili. Likate fupi zaidi, sentimita 25 hadi 30 kutoka kitako, hata kama unaona unapoteza plastiki. Shida inayofuata ni kwamba chombo hicho ni chepesi. Farasi atakipindua kabla hujamaliza kufunga mlango, na baada ya hapo atakipiga teke kama mchezo. Wengine hukizamisha ndani ya tairi la gari dogo ili kitulie, na hilo linafaa sana kwa pumba na chakula cha punje. Kwa nyasi halitoshi: sehemu hiyo ya pipa inameza kilo mbili, tatu za nyasi zilizolegezwa, ilhali farasi wa kilo 450 anahitaji kiasi cha kilo 8 hadi 10 kwa siku, na kwa anayelala ndani saa 15 sehemu kubwa ya hizo ni za usiku.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia kwenye pipa. Uliza lilibeba nini. Pipa la dawa ya mimea au kemikali ya kiwandani usilinunue hata ukiapiwa kwamba limeoshwa. Na ukingo uliokatwa kwa msumeno usiuache hivyo. Tumia tupa, kisha uvishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu na ukifunge vizuri. Ukimaliza, zungusha kitambaa laini kwenye ukingo wote. Mahali kitambaa kinaponasa, mdomo wa farasi nao utanasa. Plastiki iliyopigwa jua miaka kadhaa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo pipa likianza kupauka na kukakamaa, litoe.

Tairi la lori au trekta lina uzito ambao pipa limeukosa, na lina ulaini kwa goti litakaloligonga. Hapo sifa zake zinaishia. Matairi mengi ya kisasa yana nyaya za chuma ndani ya mpira. Ukilikata ubavu ili kupanua mdomo, nyaya hizo hujitokeza kama sindano, na zinazokatika huangukia kwenye nyasi na kumezwa. Weka sumaku juu ya mpira: ikishika, usilikate. Ukiliacha bila kulikata, ule mdomo uliokunjamana kwa ndani unabaki, na ndio unaoficha nyasi zilizolowa mpaka zikaota ukungu, na ndio unaoweza kunasa kisigino cha kiatu cha chuma mguu unapoingia. Halina kitako, kwa hiyo farasi anakula sakafu ileile uliyokuwa ukiikimbia, mpaka ulitengenezee cha mpira au plaiwudi. Mvua ikilikuta nje linakuwa kiwanda cha mbu.

Nikilazimika kuchagua kati ya haya mawili kwa farasi mwenye viatu anayelala ndani, silichukui tairi. Kwa punda asiyevalishwa viatu, nje uani, kwenye mpira ambao haujakatwa na uliowekewa kitako, nalikubali bila wasiwasi. Pipa fupi nalikubali kwa farasi mtulivu, au kwa nyongeza ndogo ya alfalfa inayowekwa kando na nyasi za kawaida, kwa kuwa majani ya alfalfa hupukutika na yakidondoka kwenye maranda yamepotea.

Saruji au mbao za kona

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenye banda lake akae kidogo, kwa kuwa hori ya kona ndiyo inayotimiza mengi kwa pamoja. Wazo ni moja: pembe ya chumba inazibwa kwa kizuizi cha mshazari, nyasi zinatupwa nyuma yake, farasi anainamisha shingo juu ya kizuizi na kula chini kabisa. Hakuna kitu cha kupinduka wala uwazi wa kupitisha mguu. Na kwa kuwa kizuizi kinashuka hadi sakafuni na kushikana na kuta mbili, farasi anayejiviringisha hapati upenyo wa kukwama chini yake.

Ya saruji hujengwa kwa tofali na kupigwa plasta, kisha niru, yaani saruji laini ya kumalizia, hadi iteleze. Ikijengwa vizuri haina mwisho. Mchwa hawaigusi na unaiosha kwa ndoo na brashi. Lakini inadai fundi makini. Pembe za ndani ziviringwe ili nyasi zisigande, sakafu yake ielekee kwenye tundu dogo la kutolea maji, na ukingo wa juu uwe wa duara, mpana wa kiganja, usio na ncha. Ukingo wa saruji ulioachwa na makali hukwangua manyoya ya shingo, na farasi mwenye tabia ya kung'ata ukingo na kuvuta hewa ataumaliza kwa meno yake ya mbele, au meno yenyewe yataisha kwanza. Na ikishajengwa mahali pabaya, imekwisha jengwa. Ndiyo maana siipendekezi kwa aliyehamia banda jipya na bado hajajua farasi wake anachagua pembe ipi kwa haja zake.

Mbao zinasamehe. Unaweza kuinua ukingo, kuushusha, kuhamisha yote upande wa pili. Kwa farasi wa kimo cha kawaida mimi hupima hivi: kutoka pembeni mwa chumba sentimita 90 kwenye kila ukuta, hivyo kizuizi cha mshazari kinakuwa na urefu wa sentimita 127. Mbao tano za saiprasi za inchi 2 kwa 6, zikipangwa moja juu ya nyingine bila mwanya, zinakupa kimo cha sentimita 75. Farasi mkubwa mwongezee ubao mmoja. Poni, yaani farasi wa kimo kifupi, au punda mpunguzie hadi mbao tatu au nne, ukipima kwa kifua chake mwenyewe. Ukingo ubaki chini ya kifua, usifike kooni, ili asiwe anasukumwa koromeo kila anapoinama. Nafasi hiyo inabeba nyasi za usiku mzima zikiwa zimelegezwa. Robota usiliingize likiwa limefungwa, na kamba zake usiziache ndani hata kipande.

Tumia inchi 2, si inchi 1. Ubao mwembamba ukipigwa teke hupasuka, na mpasuko wa saiprasi ni mkuki. Funga kwa bolti zilizopita hadi ndani ya nguzo zilizoshikizwa ukutani, vichwa vyake vikizamishwa ndani ya ubao. Misumari hulegea na kuchomoza. Ukingo wa juu upigwe randa uwe wa duara. Kama farasi wako ni mtafunaji, uvike chuma cha pembe kilicholainishwa kwa tupa. Acha mwanya wa sentimita moja tu kati ya ubao wa chini na sakafu, maji ya nyasi zilizolowekwa yapate pa kutokea.

Halafu kuna suala la dawa ya mbao, na hapa naomba nisikilizwe. Usipake oili chafu. Najua inafukuza mchwa na najua nguzo za ua zote zimepakwa, lakini hori inalambwa kila usiku. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya nguzo nazo ziache nje. Mbao tupu iliyokauka vizuri, inayobadilishwa inapochakaa, inatosha. Kwenye mchwa wengi, inua ubao wa chini juu ya tofali moja la saruji lililozibwa pande zote, badala ya kumlisha farasi sumu.

Pamoja na uzuri wake, hori ya kona ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Farasi anazamisha pua ndani ya shimo, na vumbi la nyasi mbovu linabaki pale pale anapovutia pumzi. Kwa hiyo zikungute nyasi nje ya banda, na kwa farasi anayekohoa ziloweke kwa dakika kumi hadi nusu saa, zichuje, ndipo uzitie. Maji huyamwagi kwingine isipokuwa mtaroni. Kwenye joto la pwani nyasi zilizolowa huchacha haraka, basi zimalizwe usiku uleule na mabaki yasombwe asubuhi. Nyasi zenye ukungu hazitengenezwi na maji. Zikatae kwa muuzaji.

Je, kuwe na wavu ndani?

Farasi hutumia takriban dakika 40 kumaliza kilo moja ya nyasi kavu. Ukimwekea kilo 6 saa 11 jioni, kufika saa 3 usiku kashamaliza, na mbele yake kuna saa 11 za kusimama bila kitu. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile, na ni mate ya kutafuna yanayoituliza. Saa nyingi za tumbo tupu ndizo zinazozaa vidonda vya tumbo, na kuchoka huko kunazaa kung'ata mbao na kuyumbayumba mlangoni.

Njia ya kwanza ni kuongeza nyasi. Kama farasi hanenepi kupita kiasi, mwekee nyingi tu. Kwa poni na punda wanaonenepa kwa kunusa, wavu wa matundu ya sentimita 3 hadi 4 unarefusha mlo. Lakini wavu uliolegea sakafuni na kiatu cha chuma havikai pamoja: uzi unaingia kati ya kisigino cha kiatu na ukwato, farasi anavuta, na yaliyobaki ni ya daktari. Wavu unafaa ndani ya hori ya kona yenye ukingo mrefu pekee, ukiwa umefungwa pande zote kwenye fremu inayoshuka kadiri nyasi zinavyopungua. Mfunze mnyama kwa wiki ya kwanza akiwa na nyasi nyingine huru pembeni, asije akakasirika na kuanza kupiga.

Wapo wanaochomelea kimiani cha nondo badala ya wavu. Nyuzi za wavu zinakubali meno, nondo hazikubali. Nimeona fizi zilizokwanguka na meno ya mbele yaliyolika kwa mshazari, na tangu hapo nondo siziweki.

Kwa aliyepanga banda

Kama banda si lako na mwenyewe hataki bolti ukutani, chukua mkeka wa mpira wa mita moja na nusu kila upande, uulaze kwenye pembe iliyo karibu na mlango, na umwage nyasi juu yake. Ufagie kabla ya kila mlo. Pembe ya mlangoni inafaa kwa sababu farasi anakula huku akiwaona wenzake, hivyo haondokiondoki na nyasi mdomoni, na saisi anamwekea bila kupita nyuma yake. Iwe mbali na ndoo ya maji kwa urefu wa mwili wake. Wapo wanaochovya kila funda la nyasi na kuyageuza maji supu.

Nyasi za usiku zigawe mara mbili kama kuna mlinzi wa kuaminika: nusu ya kwanza saa 11 jioni, nusu ya pili saa 4 usiku. Mkeka na mlinzi kwa pamoja ni gharama ndogo kuliko kujenga, na kwa farasi mwenye viatu kwenye banda la kukodi ndicho ningekichagua kabla ya pipa lolote.